Masaki kwa miguu, mama mdogo akitoa alama

Niseme mapema tu, mi sikai Masaki wala Oysterbay wala sina ndugu uko, mi nakaa Tabata Segerea, Dar hii hii, na vumbi letu na foleni zetu, kwa hiyo kama unatafuta mtu wa kukwambia apatimenti ipi ina lifti inayofanya kazi umekosea nyumba. Mi nilichofanya ni kutembea. Jumamosi nzima, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka taa zinawaka, sehemu kubwa kwa miguu, bajaji mara mbili tu, na mwenzangu alikuwa mama mdogo mwenye miaka sitini na sita na magoti yake mabovu, na bado yeye ndo alinichosha mimi.

Mama mdogo katoka Urambo, Tabora. Alikuja kucheki macho hospitali ya CCBRT pale Msasani, na siku ya kliniki tukiwa kwenye bajaji akaniuliza, "Mwanangu, hivi Masaki yenyewe iko wapi?" Nikamwambia mama, kona mbili tatu tu tuko ndani yake. Akachungulia nje, akaona mama kakaa na beseni la vitumbua, pembeni vijana wa boda wamelala juu ya pikipiki zao, akanigeukia kama vile nimemdanganya. Kwake yeye Masaki ni ile ya kwenye TV, magari meupe na mabwawa ya kuogelea. Akasema kabla sijapanda basi la Tabora lazima nitembee humo nione na haya macho mliyonitibia. Ni mwalimu mstaafu, darasa la tatu, kashika chaki miaka thelathini na ushee, mpaka leo kwenye pochi yake hakukosi kalamu nyekundu. Basi asubuhi ya Jumamosi akaitoa, akageuza karatasi moja ya zile za kliniki akachora jedwali nyuma yake, kila mtaa utapewa alama juu ya kumi. Sikumtuma.

Sasa kitu ambacho wengi hatukijui, au tunakijua ila hatujawahi kukiwaza, ni kwamba Masaki na Oysterbay ni mitaa tu ndani ya kata ya Msasani, kata hiyo hiyo moja yenye Makangira, Mikoroshini na Bonde la Mpunga. Yani yule mwenye nyumba ya ghorofa inayoangalia bahari na yule ambaye mvua ya masika ikipiga anapandisha godoro juu ya meza kule Bonde la Mpunga diwani wao ni mmoja. Ukipita na gari huoni hilo, unaona ukuta na bogonvilia, ukuta na bogonvilia mpaka unafika. Kwa miguu kila baada ya dakika kumi unakuwa mahali pengine kabisa.

Tulishuka Morogoro Stores. Kwa mtu mgeni, hapa ndo pa kuanzia na wala usiniulize mara mbili. Ukiingia ndani kidogo kutoka barabara ya Haile Selassie unakuta jengo la ushirika wa Tingatinga na vibanda pembeni, picha zimening'inia kila mahali, mafundi wamekaa kwenye vigoda wanachora huku redio inaongea, harufu ya rangi ya mafuta inakupiga kabla hujamwona mtu. Na hapa sio kwamba walikuja baadae kuuza kwa watalii, hapa ndo penyewe. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968, anachukua silingi bodi, anachukua rangi za kopo zile za kupakia baiskeli, anachora chui na ndege na tembo, afu mke wake Agatha anaziuza hapo hapo Morogoro Stores kwa wazungu wanaokuja kununua mboga. Miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mwizi anayekimbia, akafa. Waliobaki ni ndugu zake na vijana aliokuwa anawafundisha, wakaendelea, na mpaka leo unamkuta kijana wa miaka ishirini anaweka nukta moja moja kwenye mgongo wa chui kwa mtindo ule ule.

Raha ya pale ni kwamba unaruhusiwa kukaa. Fundi mmoja alituelekeza mwanzo mwisho, kwanza unapaka rangi ya nyuma, unaacha ikauke, afu unashusha umbo la mnyama, linakauka tena, ndo unakuja na mapambo na nukta juu, ukiharakisha rangi zinaingiliana na picha imekufa. Mama mdogo akauliza maswali kama yuko kwenye ukaguzi. Afu akamwona twiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huyu twiga bei gani?"

"Kwa mama yangu, themanini."

"Kwa mama yako au kwa mzungu?"

Fundi akacheka mpaka brashi ikamponyoka. Wakaanza, arobaini, sabini, mama anaondoka, mama anarudi, wakaishia elfu arobaini na tano, picha ya futi mbili kwa mbili ikiwa tayari kwenye fremu. Jamaa akashauri aitoe kwenye fremu aikunje kama mkeka ili iwe rahisi kubeba, mama akakataa katakata, eti akikunjwa shingo itaumia. Wakaifunga na magazeti. Kumbuka ndo kwanza saa nne asubuhi, na kuanzia hapo mpaka usiku huyo twiga alikuwa kwapani kwangu. Alama, tisa. Moja kaikata kwa sababu kwenye picha nyingine simba walikuwa wanacheka na simba hachekagi.

Kutoka hapo tukaingia mitaa ya ndani ya Oysterbay na hapa lazima niwe mkweli, ni pazuri. Sio uzuri wa majengo, ni kivuli. Miti mikubwa ya zamani, viwanja vikubwa, nyumba imekaa katikati ya kiwanja kama ng'ombe katikati ya malisho. Waingereza walianza kujijengea huku miaka ya 1930, wakati mji umegawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na upepo wa bahari nao ukagawiwa hivo hivo maana ukisimama pale saa sita mchana unaelewa kwa nini walichagua upande huu na sisi tukapewa Kariakoo. Baada ya uhuru wakaingia wakubwa wa serikali, nyumba nyingi za serikali zikauzwa miaka ya 2000 mwanzoni, na saizi unaona kabisa nyumba moja ya zamani yenye vigae na baraza imebanwa na ghorofa mbili mpya kushoto na kulia, inasubiri zamu yake. Mama mdogo alisema kivuli kinamkumbusha miembe ya Tabora mjini. Afu akaongeza kwamba miembe ya Tabora ina faida ya pili, unaokota.

Kilichomfurahisha kuliko vyote ni majina ya barabara. Haile Selassie, Toure, Kenyatta, Kaunda. Nlikuwa napita hizo barabara miaka yote kama napita namba tu, yeye akanisimamisha juani ananifundisha Toure ni nani, ndo yule wa Guinea aliyewaambia Wafaransa hapana mwaka 1958 na Wafaransa wakaondoka kwa hasira, na sasa angalia mwanangu, kwenye barabara yake watu wanauza aiskrimu.

Kibaya cha Oysterbay ni kwamba haikujengwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Sehemu nyingine njia ya miguu ipo vizuri kabisa, unatembea hatua hamsini unafurahi, afu bustani ya mtu imekuja mpaka kwenye lami na wewe unashuka barabarani unapambana na Prado. Na walinzi. Sio wabaya, wengi wanaamkia vizuri tu, ila kwenye geti moja tulisimama kupumzika na lile furushi la magazeti kwapani, mlinzi akatoka akauliza kwa upole wa kutisha kidogo, "Mama, humo mna nini?" Mama akamjibu twiga. Ikabidi tufungue. Akamwangalia twiga, akaita mwenzake nae aje amwangalie, wakatuambia haya poleni, ila hapa msikae. Alama sita, na kivuli ndo kimebeba tano.

Halafu Laibon. Ni barabara fupi ya kawaida tu, ukipita hujui, ila ndo palipokuwa na ubalozi wa Marekani ule uliolipuliwa Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, watu 11 wakafa. Ubalozi baadae ukahamia barabara ya Bagamoyo ya zamani, ambayo saizi inaitwa Mwai Kibaki, pale palipokuwa na sinema ya Drive-in, ndo maana watu wazima mpaka leo wanapaita Drive-in na watoto wanadhani ni utani. Mama mdogo alisikia ile habari Redio Tanzania akiwa Urambo. Hapo hakutoa alama, tukasimama kidogo tukaendelea.

Coco Beach. Wote mnaijua kwa hiyo nafupisha. Ni ufukwe wa wote, huingii kwa kiingilio, na kwa mtu wa Segerea hilo peke yake ni alama tano. Kabla hamjaja na watoto angalieni maji, yakijaa mchanga wote unafunikwa, chini kuna miamba na mkondo una nguvu, hapo sio pa kuoga, yakipwa ndo kuna madimbwi na watoto wanacheza na kaa. Sisi tulikuta yamepwa. Upepo sasa! Yule twiga aligeuka tanga, nusura anipeleke Zanzibar, ikabidi nimshike kwa mikono miwili huku mama mdogo ananilisha muhogo kama kinda la njiwa. Muhogo wa Coco nasema wazi bado unastahili sifa zake, wa kuchoma zaidi kuliko wa kukaanga, ukipasuliwa katikati ukamwagiwa chachandu na ndimu, sahani yetu buku mbili tukashiba. Vibanda siku hizi vimepangwa vizuri, sio kama ule mtawanyiko wa zamani, japo mi ule mtawanyiko nlikuwa naupenda. Na kule mwisho upande wa mjini unaliona Daraja la Tanzanite lile lililoanza kutumika 2022, limepita juu ya bahari zaidi ya kilomita moja mpaka upande wa hospitali ya Aga Khan, mama akauliza kwa nini hawakupita nchi kavu, nikamwambia mama hujawahi kukaa foleni ya daraja la Selander saa kumi na mbili jioni. Alama nane.

Sasa Masaki yenyewe. Tukachukua bajaji kwa kufuata Toure Drive mpaka kule juu, elfu nne baada ya kulia, na hapa ndo nilipofanya kosa la siku. Nikataka kumwonyesha mama ile Masaki ya kwenye TV, nikampeleka kwenye mgahawa mmoja ambao sitautaja jina, wenye viti vyeupe na mimea inaning'inia darini. Kijana aliyetupokea akaangalia viatu vyetu, akaangalia furushi, akatukalisha karibu na choo wakati meza zenye upepo zilikuwa tupu nne nimezihesabu. Menyu ya Kiingereza tupu. Juisi ya pasheni elfu kumi na mbili glasi. Elfu kumi na mbili jamani, kwa Segerea hiyo ni pasheni za kuchukulia kwa sado. Tukaagiza mbili kwa sababu tayari tumekaa na aibu ina gharama zake, juisi ikaja ya baridi nzuri siwezi kusema uongo ila nusu barafu, na bili ilipokuja ikawa na VAT juu na sevisi chaji juu ya VAT, vitu ambavyo kwenye menyu havikuandikwa popote. Nilipouliza akaniambia "ndo utaratibu wetu dada". Mama mdogo hakusema kitu. Alichukua bili, akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu akaijumlisha upya pale pale, akakuta wamekosea hesabu kwa mia nane. Akaipigia mstari, akaandika jumla sahihi pembeni, akairudisha kwenye kile kijitabu cha ngozi. Yule kijana alirudi na mia nane yetu na heshima zote. Alama, moja, na ameandika "ajitahidi".

Ila ngoja. Nyuma ya mtaa huo huo, ukiacha Haile Selassie ukaingia kichochoro ambacho unaweza kudhani ni cha kupeleka takataka, tulifuata harufu. Chini ya mwarobaini kuna mama ntilie, turubai la bluu, mabenchi matatu, masufuria sita. Na wateja wake sasa ndo Masaki yote iliyofichwa, walinzi wa getini na redio zao kiunoni, wakata bustani, madereva wa mabosi wamevaa tai, dada wa kazi kaja na hotipoti, wafanyakazi wa benki wamening'iniza vitambulisho shingoni, mpaka mzungu mmoja kijana anakula wali na samaki kwa mkono na anajua kabisa kuomba "ongeza mchuzi". Wali maharage na mchicha na kipande cha samaki, elfu tatu na nusu, maji ya kunawa ya moto, pilipili ya kusaga ya mwenyewe. Nakwambia nimekula hoteli nyingi za mjini ila yale maharage yalikuwa ya nazi kweli, sio ile nazi ya kupitishwa mbali. Mama mdogo akamuuliza, mwenzangu unakaa wapi, akasema Mbagala, anaamka saa tisa usiku. Wakaongea bei ya mchele na bei ya mkaa, wakaongea magoti. Twiga alipewa nafasi yake kwenye benchi na hakuna aliyeuliza.

Hapo ndo nikaielewa Masaki. Mle kila anayekula chakula cha elfu arobaini kuna watu watano wanaomzunguka wanaokula cha elfu tatu, na hao watano lazima wale karibu kwa sababu nauli na muda haviruhusu kwenda mbali, kwa hiyo nyuma ya kila mtaa wa kifahari kuna turubai kama lile. Mgeni akija msimpeleke kwenye viti vyeupe, muulizeni mlinzi yeyote "mnakula wapi?" atawaonyesha kwa kidole. Sisemi ni kichochoro gani maana nikisema wiki ijayo mtapajaza. Alama kumi, na mama ni mtu ambaye kwenye maisha yake ya kazi kumi anadai alizitoa mara nne.

Zaidi ya hapo Masaki haikutupa mengi. Kuta, nyaya za umeme juu ya kuta, bendera za balozi, ile shule ya kimataifa, International School of Tanganyika, ambayo ipo tangu 1963 na bado inaitwa Tanganyika, mama mdogo akalipenda hilo jina sana. Supamaketi ambayo zabibu zimepangwa moja moja. Ukiwa na gari na hela ni sehemu tulivu, ukiwa na miguu ni ndefu tu. Nne.

Slipway tulipita tukakaa nusu saa. Mtu asikutishe, unaingia bure, unaeza kutembea kwenye vibanda vya sanaa ukaangalia vinyago na vikoi bila kununua, unaeza kukaa ukaangalia boti, na boti za kwenda kisiwa cha Bongoyo zinaondokea hapo hapo. Bongoyo ni hifadhi ya bahari kwa hiyo kuna ada ya kuingia juu ya nauli ya boti, uliza bei zote mbili kabla hujapanda usije ukashangaa. Sisi hatukwenda, mama aliangalia maji akasema yeye ni mtu wa bara na ataendelea kuwa mtu wa bara. Alama saba.

Saa kumi na moja tukaingia Msasani kijijini, na kama una saa mbili tu za kuzunguka rasi hii nzima ya Msasani zimalizie huku. Inakuja ghafla. Unatoka kwenye barabara ya kuta, unakata kona, barabara inakuwa nyembamba, nyumba zinasogeleana, muziki unatoka madirishani, watoto kumi na mpira wa makaratasi, msikiti, fundi cherehani barazani, kuku. Mbele kidogo bahari, mitumbwi na ngalawa zimepandishwa mchangani na wavuvi wanashona nyavu. Kijiji cha wavuvi kilikuwepo kabla geti la kwanza halijawekwa. Na Mwalimu Nyerere nyumba yake ya Dar ilikuwa Msasani, aliishi uko hata akiwa rais badala ya kukaa Ikulu, jambo ambalo mama mdogo alilirudia mara tatu kwa sauti inayopanda kila mara, maana alianza kazi Mwalimu bado yupo madarakani na kwake yeye hilo ni suala binafsi.

Pweza. Jamaa ana meza ndogo, sufuria la supu linatoka moshi, pweza amekatwa vipande vidogo, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye chachandu. Kipande jero. Kikombe cha supu buku. Mama mdogo hakuwahi kula pweza kwenye maisha yake yote, kaishi na asali na karanga na migebuka ya kutoka Kigoma, akamwangalia yule mnyama na miguu yake akasema huyu Mungu alimuumba jioni. Akala kipande. Akala cha pili. Nimelipia vipande kumi na moja. Muuzaji akamwambia hii supu mama inarudisha nguvu za ujana, mama akamjibu ujana ushapita na hela ya mafuta ya kuurudisha hamna, watu waliokaa pale walicheka mpaka mmoja kapaliwa.

Afu jua likaanza kuzama. Rasi hii upande wa Coco unatazama bahari kuu, jua linachomoza, upande huu wa ghuba ndo linazama, na ndo maana zile hoteli na mabaa yote ya bei mbaya yamejipanga upande huu. Watu wanalipia kiti kule kuangalia kitu hicho hicho tulichokiangalia sisi tukiwa tumekalia ubavu wa mtumbwi, miguu mchangani, kikombe cha supu mkononi. Harufu ya samaki ipo, siwadanganyi, taka za plastiki nazo zipo nyingi kuliko inavyopaswa na Manispaa wangeliangalia hilo, na ukija na kamera kubwa omba ruhusa kwanza maana wavuvi hawapendi kufanywa mapambo. Mama kakata alama moja kwa zile plastiki, kabakiza tisa, afu akafuta tisa akaandika tisa na nusu. Nikamuuliza nusu ya nini. Akasema ya yule mtoto aliyetuamkia bila kutumwa.

Tukamalizia Namanga, hii ya hapa hapa Dar sio ile ya mpakani, kwa sababu ndo pa kupatia gari. Namanga sio pazuri kwa macho ila ndo panapofanya mitaa yote ile iweze kuishi, mafundi fenicha, maduka ya masinki na vitasa, matunda, wa kubadilisha hela, vifaa vya umeme, mchanganyiko wa mama mwenye gari kubwa na dada wa kazi wanabishana na muuza maembe yule yule. Matunda bei inategemea unafananaje. Mama mdogo alimwacha mama mmoja mzungu aliyekuwa mbele yake anunue kwanza, akasikiliza bei, afu akalipa nusu yake. Hakutoa alama, giza lilishaingia na kalamu haionekani.

Kwa ujumla tulitumia kama laki moja watu wawili, na karibu nusu ni twiga, na ile juisi mnaijua. Vaa viatu vya chini, beba maji yako, usiende mchana wa Januari.

Daladala ya kwanza ilijaa tukaiacha, ya pili tukapata siti moja, mama akakaa, mi nikasimama na twiga mkononi, magazeti yashachanika kote na uso wake uko nje anaangalia abiria. Konda akapita anakusanya, akafika kwetu akasimama.

"Mama, na huyu twiga nauli yake nani analipa?"

Mama mdogo wala hakuinua kichwa, akafungua pochi akatoa sarafu ya mia mbili.

"Huyu mwanafunzi, sare yake huioni?"